Shati Lililopigwa Pasi Upande Mmoja

Asubuhi ile fundi mwashi alikuwa ananyoa ndevu huku akijifunza hotuba. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya upande wao. Baadaye angefungua mkutano na watu wa ng'ambo ya bonde.

Bonde lile liko mpakani mwa wilaya mbili. Watu wa mwashi hulisha ng'ombe humo. Watu wa mkewe hulima humo. Kila upande unasema bonde ni lao. Mkutano uliopita ulivunjika kwa matusi. Huu nao ukivunjika, mvua zitakapoanza watu watakutana bondeni na mapanga.

Mkewe alikuwa anampigia shati pasi.

"Ndugu zangu," mwashi alikiambia kioo, "wavamizi waondoke!"

Pasi ikasimama.

"Mvamizi nani?" mkewe akauliza. "Kaka yangu, aliyekubebea matofali ya nyumba hii?"

"Nasema wanavyosema wote."

"Basi waambie hao wote wakupigie pasi." Akaichomoa, akaenda zake mlangoni.

"Na ng'ombe wa baba mliowakata miguu?" mwashi akafoka. "Nyie mnaita vurugu kidogo!"

Jirani yao alisikia kila kitu. Mama huyu ni mkalimani mstaafu. Kwa miaka mingi alifasiri mazungumzo ya mipaka, na hakuna upande uliowahi kumlalamikia. Si jambo dogo hilo! Akabisha hodi, akakaribishwa.

"Baba, 'mvamizi' ni hukumu," alisema. "Ukianza nayo, kesi umeshaimaliza. Waliokwisha kuhukumiwa watazungumza nini?" Akamgeukia mke. "Nawe, binti yangu, 'vurugu kidogo' ni blanketi. Watu wa kwenu wamewafunika nalo ng'ombe waliokatwa. Neno kali huchoma, na neno laini huficha."

"Sasa tusemeje, mama?" mwashi akauliza.

"Semeni kilichotendeka. Nani alifanya nini. Na sisi wakalimani tuna desturi yetu. Hatusemi 'yeye anadai'. Tunasema 'mimi'. Unamwazima mwenzako kinywa. Hebu msemee shemeji yako."

Mwashi akakohoa. Povu lilikuwa bado shavuni.

"Mimi nimelima bonde hili tangu ujana. Mama yangu amezikwa pale. Vibanda vyangu vilichomwa moto."

"Vilichomwa na nani?" jirani akauliza.

"Na vijana wa huku kwetu," akasema polepole.

"Haya, malizia. Sema: mimi ni mvamizi."

Mwashi akafungua kinywa, kisha akatikisa kichwa.

Mkewe alikuwa bado mlangoni, machozi yakimlenga. Akajaribu kumsemea baba mkwe wake. "Mimi ng'ombe wangu walikatwa miguu. Sikuwa nimemkosea mtu." Kisha akaongeza, "Waliowakata ni watu wa kwetu. Tuseme ukweli."

Muda ulikuwa umekwisha. Mwashi akavaa shati vilevile, kifua kimenyooka, mgongo umejaa makunyanzi.

Ukumbini shemeji yake alisimama karibu na mlango, tayari kuondoka. Mwashi akaanza.

"Sisi tunasema bonde ni letu. Ninyi mnasema ni lenu. Vijana wetu walichoma vibanda vyenu. Vijana wenu walikata ng'ombe wetu. Yote mawili yalitendeka."

Watu wake wakaguna. Hakurudi nyuma. Inataka moyo kusema hivyo mbele ya watu wako mwenyewe, na mwashi alikuwa nao.

Shemeji akavuta kiti. "Siku ya ng'ombe nilikuwepo," akasema. "Tulifanya vibaya."

Bonde halikugawanywa siku ile. Lakini hakuna aliyetoka nje. Walikubaliana wapimaji wa ardhi waje. Wakati wakisubiri, watalima upande wa juu na kulisha upande wa mtoni, na panga halitainuliwa.

Walipokuwa wakitoka, shemeji alimpiga mwashi begani.

"Shemeji, mgongo huu vipi? Dada yangu siku hizi hajui pasi?"

"Aliiacha kwa sababu ya neno moja."

"Neno gani hilo?"

Mwashi akacheka. "Nimeliacha nyumbani, shemeji. Twende ukale, ila usiniulize tena."