Aliyeshika Ncha ya Uzi

Wimbo ulikwisha, lakini makofi hayakwisha. Mabinti walikuwa wamejipanga mlangoni kama desturi, wamewaimbia wageni, wamepiga makofi ya mwisho na kunyamaza. Bado huko ndani, nyuma ya migongo yao, mtu mmoja aliendelea kupiga, taratibu, kama aliyechelewa kuingia kwenye wimbo na hataki kukosa sehemu yake. Maribeth Kessler aligeuka. Ukumbi ulikuwa mtupu. Akajiambia ni mabomba ya joto, akawakaribisha wageni kwenye keki za limau.

Makao makuu ya chama chao cha udada, ambamo wasichana wa vyuo huitana dada, yalikuwa yamemtuma Minnesota kwa kazi moja tu, kutafuta chuo cha kufungua tawi. Angeweza kwenda Halvorsby, ambako chama hakikuwahi kukanyaga, aanze na mikono mitupu. Au aje hapa Tamarack Falls, alifufue tawi lililofungwa zamani, maana nyumba yake ya matofali bado ilisimama na chuo kiliitoa bure. Maribeth aliipenda bure, kama sote tunavyoipenda. Wahenga walisema rahisi ghali. Sijui wangesema nini juu ya bure.

Ng'ambo ya barabara aliishi Bi Arlene Sorvig, dada wa tawi lile la kale. Maribeth alimwomba awe dada mkubwa wa mmoja wa mabinti wapya. Bi kizee alikuja, lakini kizingiti hakukivuka. Aliinywea kahawa yake barazani, theluji ikimwangukia kofiani.

"Fungua Halvorsby, mwanangu. Hapa paache."

"Kwa nini, Bi Arlene?"

Akamweleza kwa sauti ya chini. Desturi Maribeth aliijua: binti mpya hufungwa uzi wa sufu mkononi, taa zikazimwa, akaufuata uzi nyumba nzima mpaka kwenye ncha, na aliyeishika ncha ndiye dada yake mkubwa. Kuanzia hapo binti huyo ni dada kamili, na zamu yake ikifika naye hupewa mdogo. Mwaka wao, uzi wa binti aitwaye Corinne ulishuka hadi ghala la makaa ya mawe, chini ya nyumba. Aliyepaswa kuishika ncha alikwenda kucheza dansi na kijana wake, akasahau. Mlango ulijifunga. Ilikuwa Januari, baridi ya kuua.

"Tulimkuta asubuhi, uzi bado uko mkononi," alisema Bi Arlene. "Alikuwa ananisubiri mimi."

Maribeth alimhurumia kwa dhati, akamshika mkono. Lakini alichokiona pale ni majonzi ya mzee, si sababu ya kuiacha nyumba nzuri.

Jioni ya nyuzi ikafika. Dada mkubwa mmoja alikwamishwa na theluji njiani, na aliyebaki bila wa kumpokea alikuwa Noelle Brandvold, binti mpole ambaye tangu shule ya msingi hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote. Maribeth hakuweza kuvumilia kumwona akikosa tena. Akaamua atamshikia ncha mwenyewe. Aliupitisha uzi wa Noelle kwenye nguzo ya ngazi, akaiacha ncha ikining'inia, akaenda kuzima taa.

Aliporudi, ncha haikuwepo. Uzi ulikuwa umekaza, umenyooka kuelekea chini, ukitetemeka kidogo kidogo kama unaovutwa na mtu mwenye subira, na ukumbini kulikuwa na harufu ya makaa ya mawe na sufu mbichi. Akaufuata akipapasa ukuta, akizipita sauti za mabinti wengine waliokuwa wakicheka na kukumbatiana juu, akishuka ngazi ambazo angeapa mlango wake alikuwa ameufunga kwa kufuli, mpaka akagota kwenye mlango wa ghala, na nyuma ya mlango ule akamsikia Noelle.

"Dada Maribeth, ni wewe? Mbona mikono yako baridi hivi?"

"Noelle, uachie uzi. Toka."

"Anasema tusubiri kidogo." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu anayechukuliwa na usingizi. "Anasema dada yake yuko njiani."

Maribeth aliusukuma mlango kwa bega, kwa miguu, kwa kilio. Haukutikisika. Akapanda mbio kwenda kumwita Bi Arlene, akamkuta tayari barazani, amevaa koti juu ya nguo ya kulalia. Alikuwa ameyasikia makofi hadi kwake. Bi kizee alikitazama kizingiti, akavuta pumzi, akakivuka.

Kwake mlango ulifunguka wenyewe.

"Corinne," alisema gizani. "Ni mimi, Arlene. Nimechelewa. Nisamehe."

Akainyoosha mikono, akaipokea ncha kutoka kwa asiyeonekana, akaizungusha kwenye kiganja chake mwenyewe. Noelle alimwangukia Maribeth kifuani, midomo ya samawati, lakini mzima. Bi Arlene alipanda baadaye, analia na kutabasamu, akaukata uzi kwa mkasi wa jikoni na kuuchoma. Alisema amekumbatiwa. Alisema yamekwisha.

Nyumba ilifungwa. Maribeth akahamia Halvorsby, akakodi nyumba mpya, akaichagua kwa kuwa haikuwa na chumba chochote chini. Tawi likashika mizizi. Mwaka uliofuata, jioni ya nyuzi, taa zikiwa zimeshazimwa, simu yake ikalia. Ilikuwa sauti ya Bi Arlene.

"Maribeth, nyuzi mmeshazifunga?"

"Mabinti wanazifuata sasa hivi. Kuna nini?"

"Ghala liko tupu. Nimeshuka, nimemwita, hayupo. Sikufikiri, mwanangu. Nilimpokea, nikamfanya dada kamili. Dada kamili hakai mahali pamoja, anakwenda tawi lilipo. Na sasa ni zamu yake ya kupewa mdogo."

Maribeth aliwasha taa. Madada wakubwa wote walikuwa ukumbini, kila mmoja na mdogo wake. Uzi mmoja ambao hakuufunga yeye ulikatiza sakafuni, umekaza, ukaingia chini ya mlango wa kabati la makoti. Humo ndani binti mpya alicheka kwa furaha.

"Jamani, naombeni koti moja," alisema. "Dada yangu anasikia baridi."