Bampa Lililomshika Talib

Mambo yaliharibika saa nne na robo asubuhi, bolti ya mwisho ilipotoka.

Talib alikuwa amelala chali chini ya gari, mkono wa kushoto ameupenyeza nyuma ya bampa la mbele ili achomoe waya wa taa. Shemeji yake, Haitham, ndugu wa mkewe, alikuwa amesimama nje, ameshika pembe moja. Bampa lenyewe halikuwa plastiki tupu. Mwenye gari wa zamani alilifungia chuma kizito cha kukinga ng'ombe, na lilipoachia, lilishuka lote kwa mpigo. Likambana Talib juu ya kiwiko, chuma huku na chuma huku.

"Usiachie!" Talib alisema.

"Sijaachia."

"Nkono wangu umo ndani. Si nilisema usubiri nihesabu tatu?"

"Ulihesabu kimoyomoyo, yakhe. Mimi nitasikia vipi?"

Haitham akanyanyua kwa nguvu zake zote. Upande wake ukapanda, upande wa Talib ukazidi kubana. Akashusha, ukabana vibaya zaidi. Palikuwa na kimo kimoja tu, sawa na magoti yake, ambapo Talib hakupiga kelele. Haitham akabaki hapo, nusu kasimama, nusu kainama.

Nyumba ya Talib ilikuwa tupu. Tangu alfajiri watu wote walikuwa wamekwenda upande wa pili wa kijiji cha Shumba, kwa Mwanawema, dada yake Talib, ambaye binti yake Yumna alikuwa anaolewa Micheweni. Gari hili ndilo lililoahidiwa kumpeleka bibi harusi, saa tisa kamili. Siku tatu nyuma Haitham aliliazima, akakutana na mnazi, na tangu hapo bampa lilikuwa likiburura chini. Bampa jipya lilikuja kwa meli mpaka bandari ya Mkoani, limeviringishwa kanga mbili kama mzazi aliyetoka kujifungua, na sasa lilikuwa limeegemea ukuta likiwatazama.

Usafiri mwingine uliopatikana ulikuwa pikapu inayobeba mwani. Ilioshwa mara mbili kwa sabuni ya unga, na bado ilinuka. Mwanawema alisema mbele ya watu: "Mwanangu akipanda gari la mwani, Talib, mimi na wewe basi."

"Damu ipo?" Haitham aliuliza.

"Kidogo. Vidole vinacheza."

"Vyote?"

"Vinne. Cha tano sina habari zake."

Ndoo ya maji ilikuwa hatua saba kutoka kichwani mwa Talib. Alizikadiria mara mbili, kisha akaacha kwa sababu kukadiria kulimwongezea kiu. Simu zote mbili zilikuwa barazani. Waliita, lakini spika za harusini zilimeza sauti zao.

"Kivuli kinakwenda wapi?" Talib aliuliza baada ya muda.

"Kinakuja kwako."

"Basi jua litakuwa lako mpaka adhuhuri."

"Ahsante, shemeji. Nilikuwa sijui kinanichoma nini kisogoni."

Karibu saa tano na nusu alipita Shehe Suhaib kwa baiskeli. Akaona mtu kashika bampa na miguu ya mtu inatokeza chini ya gari, kama ilivyo kwenye uwanja wowote wenye gari bovu.

"Assalaam alaykum!"

"Wa alaykumus salaam, Shehe," walijibu wote wawili.

"Hali zenu?"

"Alhamdulillah," alisema Talib.

"Na nyumbani?"

"Wote wazima."

"Na kazi?"

"Inakwenda."

"Mungu awape nguvu." Na baiskeli ikashika njia, mnyororo ukilia.

"Mbona hukusema?" Haitham aliuliza.

"Nilikuwa najibu salamu. Nilidhani atauliza tena. Wewe je?"

"Alikuuliza wewe."

Adhuhuri ilipita. Mapaja ya Haitham yalianza kutetemeka, kwanza moja, kisha yote mawili kwa zamu. Nahla, jirani yao, akatokea pwani na mzigo wa mwani kichwani. Talib alimwachia shemeji yake nafasi, maana walikwisha kubaliana kwamba sasa ni zamu yake kusema.

"Hamjambo? Mnaendeleaje?" Nahla aliita.

"Vizuri kabisa!" alisema Haitham.

Nahla akapita.

"Vizuri kabisa," Talib alirudia kutoka chini.

"Mwanamke huyo! Nitamwambia nimeshindwa na bampa?"

Saa saba na nusu, na pikapu ya mwani ilikuwa imeshapita barabarani kuelekea harusini, imefungwa maua. Wote wawili waliiona. Ndipo akaja Bi Tatu, bibi mzee wa jirani, na kikapu chake cha muhogo.

"Hamjambo, wanangu?"

Talib alifumba macho. Alikuwa na miaka arubaini na moja, na swali hilo hakuwahi kulijibu ila kwa namna moja.

"Hali mbaya, Bi Tatu."

Kikapu kikaanguka.

"Nani kafa?"

"Hajafa ntu, bibi. Nkono tu—"

"Usinifiche, mwanangu! Nani kafa?" Na bila kungoja akakimbia kuelekea harusini, kwa umri wake ule, akilia njia nzima.

Haikupita robo saa, watu arubaini wakaingia uwanjani wakilia. Walipokuta maiti inaomba maji, kilio kikakatika. Wanaume wanane wakalishika bampa, Talib akahesabu kwa sauti, na kwenye tatu mkono ukatoka, umevimba na umechubuka, lakini haujavunjika.

Bolti alizozipanga Talib juu ya sinia kwa mpangilio wake, waombolezaji walikuwa wamezipiga teke zote. Watu waliokuja kuzika wakatambaa juu ya mawe kuzitafuta.

"Pembe kwanza," Talib aliongoza, mkono umening'inizwa shingoni kwa kanga ya Bi Tatu. "Katikati mwisho. Polepole, hii ni plastiki." Bolti tatu hazikuonekana. Nahla akafungua kamba ya mwani, upande wa kushoto ukafungwa kwa hiyo.

Saa tisa na dakika ishirini gari liliingia kwa Mwanawema. Yumna alikuwa amesimama mlangoni, wanja umemchuruzika mpaka kidevuni. Pikapu alikuwa ameikataa. "Sendi mpaka nimwone mjomba," alikuwa amesema, na hakuna aliyeweza kumsogeza. Alimtazama Talib, akautazama mkono, akapanda. Bampa hakulitazama, wala yeye wala mtu mwingine.

Huko Micheweni, Talib na Haitham walikaa kwenye sinia moja la pilau. Haitham alinyoosha mkono wake wa kulia, vidole vimejikunja kama bado vimeshika chuma. Havikufunguka, wala havikufumbika. Wali ukamwagika.

Talib akafinyanga tonge kwa mkono wake mzima, akalitia nyama, akamwekea shemeji yake kinywani. Kisha akafinyanga lake. Walikula hivyo, zamu kwa zamu, mpaka sinia likaisha.