Dodoso Lisilo na Jina

—Harusi haipo. Siwezi kuoa askari wa makofi.

Koplo aliacha kupiga pasi. Shati lililokuwa mezani lilikuwa la huyo huyo mchumba wake, askari mwenzake ambaye kituo kizima kilimwita Digrii.

—Makofi gani tena?

Digrii akamtupia karatasi, dodoso la utafiti wake wa chuo. "Umewahi kumpiga mtuhumiwa?" Alama ya vema kwenye ndiyo, na tarehe, kwa wino wa kijani.

—Si ulituambia tusiandike majina? Ulisema ni siri!

—Kalamu ya kijani nilikupa mimi. Mtuhumiwa ni mtu, ana haki zake. Chuo kimenifungua macho. Nyie msiosoma mnajua rungu tu.

Jamani! Miaka mitatu mwanamke huyu alimshikia zamu za Jumatatu. Bwana alisaini kitabu cha zamu, akatoroka kwenda darasani kusomea hizo haki. Shukrani ya punda kweli ni mateke.

—Nilikosea, na ninajuta. Basi tuachane kimya kimya.

—Umechelewa. Nakala iko kwa Mkuu wa Kituo.

Koplo alilia mpaka shati likaungua.

Kesho yake asubuhi Mkuu aliwaita wote wawili.

—Kuna mtu alilalamika kwamba Jumatatu hii, tarehe iliyo kwenye dodoso, alipigwa kofi hapa kaunta. Zamu ilikuwa ya nani?

Digrii akamnyooshea kidole Koplo. Mkuu akakigeuza kitabu cha zamu.

—Mbona jina ni lako? Na sahihi yako hii hapa.

—Afande... siku ile nilikuwa... yeye alinishikia...

—Ulikuwa wapi?

Digrii alikikodolea macho kitabu. Akisema chuo, ametoroka kazini. Akisema kaunta, kofi ni lake.

—Nendeni nje. Nawapa dakika tano.

Hata mlango haujafungwa vizuri, simu ya Koplo ikatetemeka. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwake: "Mpenzi, sema uliomba mwenyewe tubadilishane zamu. Nakuapia, harusi mwezi huu huu."

Koplo alimtazama. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wakaingia.

—Koplo, dodoso hili ni lako?

—Silijui, afande. Halina jina.

Akiwa bado amesimama wima mbele ya meza, alisikia Digrii akianza kulia. Walipotoka, akamjibu ujumbe wake: "Ni siri, mpenzi. Uliahidi mwenyewe."