Nani Kaifunika Glasi Yangu?

"Mama, mbona huli? Soseji zinapoa."

"Nakula, mwanangu."

Uongo mtupu. Nina miaka hamsini na minane, nimeshonea maharusi magauni mpaka nimepoteza idadi, lakini mchana ule niliichezea soseji kwa uma kama bibi harusi ni mimi.

Tulikuwa kwenye mgahawa wa Kijerumani, ule wanaopika bia yao humohumo. Nyuma ya kaunta, kwenye mapipa ya shaba, alisimama mpishi wa bia na aproni yake ya ngozi, akijifanya anasoma kipimajoto. Wanangu hawakumjua. Walidhani nimepachagua pale kwa ajili ya soseji.

Simu ikatetemeka mapajani: ujumbe wake.

"Umeshawaambia?"

"Bado," nikaandika. "Natafuta pa kuanzia."

"Tulivyokubaliana basi. Glasi ikiwa wazi, nakuja kuwasalimia. Ukiifunika, sitakusumbua tena."

Desturi ya pale ni hiyo: ukitosheka, unafunika glasi kwa ile kadi nene inayowekwa chini ya glasi, wahudumu wanaacha kukuongezea. Glasi yangu ya juisi ya tufaha ilikuwa wazi.

Nikajikaza. "Wanangu, tangu baba yenu atutoke ni miaka saba sasa..."

"Ndiyo maana nataka uhamie kwangu," kifungua mimba wangu akadakia. "Chumba tayari. Cherehani uipumzishe, ucheze na wajukuu."

"Kaka, si umwache mama amalize!" mdogo wake wa kike akamkemea.

"Namwacha. Ah, nzi huyu naye!"

Akachukua kadi, akafunika glasi yangu.

Niligeuka haraka, nikachelewa. Bwana wa watu alishaona. Alivua aproni, akaitundika msumarini, akashika njia ya mlango wa nyuma. Hata kununa hakununa, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikasimama, kisahani kikaanguka.

"Wewe! Rudi! Si mimi, ni nzi!"

Mgahawa mzima ukatugeukia.

"Mama, unamwita nani?" kijana wangu akauliza.

"Mtu ninayempenda. Tulipatana nikifunika glasi, aondoke."

Binti yangu akashika mdomo. "Kumbe ndiyo maana siku hizi unashona huku unaimba!"

Kaka yake hakucheka. "Na baba je?"

"Baba yako nilimpenda mpaka dakika ya mwisho, na bado nampenda. Lakini mwanangu, mimi sikufa siku ile."

Akainamisha kichwa. Nilipomwona anafuta macho, na mimi nikalia.

Mpishi wa bia alikuwa amenisikia, ameshafika mezani petu, kofia mkononi, hajui akae au akimbie. Kijana wangu akamsogelezea nafasi kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe, karibu nikufukuze kwa sababu ya nzi."

"Marahaba, baba. Hata mimi nilikata tamaa upesi mno."

Mwanangu akaitoa kadi juu ya glasi, akaitia mfukoni mwake. "Hii nakaa nayo mimi."

Yule bwana akainua jagi la juisi, akaniangalia.

"Nikuongezee?"

"Ongeza," nikamjibu, mbele ya wanangu wote wawili.