Kiti Kisipoe

"Kinyonga, upo?"

"Nipo, Mkuu."

"Bundi?"

"Yuko ndani. Anakunywa maji."

"Kiti ni kile kile?"

Jasusi alizihesabu tena meza. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya dari, katikati ya mabomba ya viyoyozi, bastola ya Glock 19 ikimchoma mbavu na jicho lake likiwa kwenye tundu la hewa. Chini yake ukumbi ulikuwa unavuma. Viti mia nne, kompyuta mia nne, watu mia nne wenye visikilizio masikioni, na kila mmoja anamwomba radhi mteja asiyemjua kwa mkeka wa kubeti uliochanika.

"Kinyonga! Nimeuliza kiti."

"Mia mbili na kumi na mbili, Mkuu."

Ni kiti cha mdogo wake wa kike, tumbo moja. Hana ndugu mwingine duniani.

Tangu kubeti kuruhusiwe kisheria, kampuni zilichipuka kila kona, na hii ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Iliajiri watu mia sita ndani ya miezi mitatu na bado ikalia haina watu. Walimu waliacha chaki. Makarani wa benki waliacha vioo vyao. Aliyejua kuwasha kompyuta na kusema "samahani mteja wetu" bila kusaga meno alipata kazi siku hiyo hiyo. Waliokosekana ni wa kuwafundisha, kwa hiyo akaletwa mkufunzi kutoka ng'ambo: bwana mpole, shati jeupe, Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wenyeji wengi. Wafanyakazi walimpenda mno. Idara ya ujasusi ilimwita Bundi.

Bundi hakuwa na haja na mpira. Alitaka orodha ya wateja. Watu milioni nne mle ndani, majina, namba za simu, anabeti saa ngapi, anapoteza kiasi gani. Mle mlikuwa na majaji. Mlikuwa na makamanda wa jeshi na watunza siri wa serikali, watu wazima na heshima zao, waliokwisha kuweka rehani hadi nyumba na wake zao hawana habari. Serikali ya kigeni ikiipata orodha ile inajua hasa mlango wa nani wa kugonga na nini cha kumwahidi. Loo! Nchi inauzwa kwa sababu ya kona na kadi za njano.

Mara tatu Bundi alikuwa amejaribu kutoa vipande vidogo. Mara zote alitumia kiti mia mbili na kumi na mbili, siku ya mechi kubwa, kati ya saa tisa na robo na saa tisa na dakika thelathini na tano. Leo ilikuwa fainali. Leo angetoa yote.

Kinyonga alitazama Casio yake. Saa tisa na dakika kumi na nne.

Aliyatoa macho kwenye saa, akaona alichokiogopa wiki mbili nzima. Mdogo wake, wanayemwita Mama Pacha, alivua kisikilizio, akachomoa kadi yake ya kazi shingoni na kumkabidhi jirani yake, dada mmoja wa miwani. Dada yule alisogeza kiti chake katikati, akaanza kupokea simu za meza mbili.

"Kiti kisipoe!" ilipigwa kelele kutoka mbele ya ukumbi.

Huyo ni Mama Zamu, msimamizi, mwanamke wa miraba minne mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wimbo wake ulikuwa huo mmoja. Watu ni wachache, simu ni nyingi, na meza ikikaa bila mtu dakika moja taa nyekundu inawaka ofisini kwa wakubwa. Kwa hiyo anayetoka humwachia jirani kadi. Ni kosa kwa mujibu wa kanuni, na hakuna hata mmoja asiyelifanya. Usipolifanya, huendi chooni.

Sasa sikia balaa la Kinyonga.

Kampuni ilipotaka kufunguliwa, Idara iliambiwa iwachunguze waajiriwa wote. Watu mia sita, mwezi mmoja, na wachunguzi wenyewe wanne! Mkuu alikuwa akigombana mpaka na kivuli chake. Kinyonga, wakati huo mguu uko kwenye plasta na amefungwa mezani kama mfungwa, ndiye aliyepata njia ya mkato. Kila mfanyakazi apewe kadi na atie saini karatasi moja: Kadi hii ndiyo mimi, litakalofanywa kwayo nimelifanya mimi. Hapo hapana haja ya kumfuata mtu hadi jikoni kwake. Mkuu alimpiga begani kwa furaha. Maneno yale yaliingia kwenye sheria jinsi alivyoyaandika, na adhabu yake ikapachikwa chini: miaka saba, bila dhamana.

Karatasi ya mdogo wake aliipeleka mwenyewe nyumbani kwake, akidai rafiki yake wa ofisi ya ajira amemtuma. "Weka saini hapa, mdogo wangu," alimwambia. Naye akaweka huku anacheka, pacha mmoja yuko begani.

Kinyonga aliteremka ngazi ya dari hadi kwenye korido, karibu na chumba cha mitambo. Ovaroli ya bluu, sanduku la vyuma mkononi. Kwa mdogo wake na wote wanaomjua yeye ni fundi viyoyozi, mwaka wa saba sasa.

Kona ya kwanza tu, wakagongana.

"He! Kaka! Una kazi hapa na huniambii?"

"Nimeitwa ghafla. Unakwenda wapi?"

"Kunyonyesha, nako uniulize? Yaya yuko nao getini, kibandani kwa mlinzi. Wanavyolia mpaka nawasikia kichwani." Mbele ya blauzi yake palikuwa pameshalowa. "Baba yao na lori lake, wiki ya tatu hii hayupo. Ningewaacha na nani?"

"Rudi ukakae kidogo. Dakika ishirini tu."

"Wewe umewahi kubeba maziwa?" Alimsukuma bega akicheka. "Nipishe bwana."

"Kadi yako iko wapi?"

"Nimeiacha kwa jirani. Kwani kuna nini?"

Sikioni, sauti ya Mkuu ilikuja chini chini. "Kinyonga. Usimrudishe."

"Kaichukue," Kinyonga alisema.

Mama Pacha aliacha kucheka. "Kaka, kulikoni? Mbona umekuwa hivyo?"

"Ukimrudisha, Bundi anaruka," Mkuu alisema. "Miezi minane, Kinyonga. Mwache apite."

Jasusi aliyewahi kukaa siku nne kwenye tangi la maji bila kukohoa alishindwa kupata sentensi moja.

"Hakuna kitu. Naogopa isije ikapotea."

"Ipotee iende wapi? Jioni upite, nimekuwekea chakula." Na huyo, akaondoka mbio ndogo ndogo, viatu vyake vikipiga sakafu hadi kwenye ngazi. Kinyonga alibaki ameshika sanduku, anajichukia.

Saa tisa na dakika ishirini na mbili.

Kwenye skrini ndogo ya Casio, iliyounganishwa na kamera za ukumbi, alimwona Bundi akitembea kati ya meza, anawasifu huyu, anamrekebisha yule. Alifika mia mbili na kumi na mbili. Aliinama kwa upole, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Dada wa miwani alisogea kumpisha. Kidude cha ukubwa wa ukucha kiliingia ubavuni mwa kompyuta.

Saa ikatetemeka.

"Inatoka, Mkuu. Asilimia mbili."

"Ngoja. Nataka anwani ya anayepokea."

"Tano."

"Ngoja."

"Nane, Mkuu!"

"Tumeipata. Kata!"

Kinyonga alivunja kufuli kwa teke, akaingia chumba cha mitambo, akashika waya wa njano na kuung'oa pamoja na vipande vya plasta. Ukumbini skrini mia nne zilizimika kwa pamoja. Ilikuwa sekunde ile ile mshambuliaji anakwenda kupiga penalti. Mtume! Kelele zilizopanda pale ungedhani jengo linaungua.

Bundi hakupiga kelele. Alichomoa kidude chake na kukimbia.

Mlango wa dharura. Ngazi, tatu tatu. Kinyonga nyuma yake, Glock mkononi. Risasi ya Walther, bastola ya Bundi, ilimpita sikioni na kutoboa ukuta. Ya pili ikapiga sanduku la vyuma na karibu limng'oe mkono. Walitokea juu ya paa, jua kali, feni kubwa za viyoyozi zinazunguka kwa kishindo.

"Fundi!" Bundi alimwita, anahema. "Weka silaha chini. Una mke? Una watoto? Naweza kukutengenezea maisha."

Fundi alitupa spana. Ilizunguka hewani mara mbili, ikampata Bundi kwenye kiwiko, na Walther ikaruka hadi ukingoni mwa paa. Ngumi moja ya tumbo. Moja ya taya. Pingu.

"Bundi yuko tunduni," Kinyonga alisema.

Bundi aliketi akiegemea feni, akatema damu na kutabasamu. "Kazi safi. Lakini yule dada wa miwani hajui lolote, usimpige. Wala yule mwenye watoto. Nilimchagua kwa sababu ya saa yake. Kila siku tisa na robo, hakuwahi kuchelewa. Mama mzuri sana."

"Utayasema hayo mahakamani."

"Mahakamani?" Bundi alicheka kwa dhati. "Rafiki yangu, mnaye mtu wenu gerezani kwetu. Tutabadilishana kabla mwezi haujaisha. Mimi mahakamani sifiki."

Kinyonga aligeuka upande wa pili, akaminya redio.

"Mkuu, mwenye kadi hana kosa. Alikwenda kunyonyesha. Bundi amekiri sasa hivi."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe ni nani? Fundi viyoyozi. Ukisimama mahakamani, wenzako watatu walioko nchini kwa Bundi kwa jina la kampuni hiyo hiyo ya viyoyozi watauawa siku ya pili."

"Ni mdogo wangu, Mkuu. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Redio ilikwaruza. "Kadi ilikuwa yake?"

"Yake."

"Na yale maneno aliyaandika nani?"

Kinyonga aliachia kitufe cha redio. Alikaa chini juu ya paa lile la moto, mpaka vijana wa Idara wakaja kumchukua Bundi.

Aliposhuka ukumbini, mtandao ulikuwa umeunganishwa tena. Askari wawili wa kike walikuwa wamesimama kwenye mia mbili na kumi na mbili. Mama Pacha alikuwa ndiyo kwanza anarudi, anafunga kifungo cha blauzi, bado ana tabasamu la watoto wake usoni.

"Hii kadi ni yako?"

"Ndiyo, yangu. Kuna nini?"

"Saini hii?"

"Yangu pia. Lakini sikuwepo, afande! Muulizeni huyu." Dada wa miwani alikuwa analia, naye amefungwa pingu. Mama Pacha aliangaza macho ukumbini, akaiona ovaroli ya bluu mlangoni. Uso ukamchangamka. "Kaka! Kaka, si tulionana pale kwenye korido? Waambie! Waambie nilikuwa nakwenda kunyonyesha!"

Askari wote wawili walimgeukia.

"Fundi, unamfahamu huyu?"

"Ni dada yangu," Kinyonga alisema. "Tulionana, ndiyo."

"Kadi alikuwa nayo?"

Akisema ndiyo, ni uongo, kadi imekamatwa mezani, naye anajiingiza kwenye kosa. Akisema hapana, amethibitisha kuwa aliiacha kwa mwingine, na hiyo ndiyo sheria yenyewe.

"Hakuwa nayo."

"Basi imetosha."

Walimpitisha karibu yake. Hakumtukana, hakupiga kelele, alimtazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kabla hawajafika mlangoni Mama Zamu alishamsukuma msichana mwingine kwenye meza, kadi mpya inaning'inia shingoni, lebo ya bei ya jaketi lake la kazi haijatolewa.

"Kaa hapo! Kiti kisipoe!"

Kinyonga aliokota sanduku lake lenye tundu la risasi, akatoka kwa mwendo wake wa siku zote, pole pole, kama fundi aliyemaliza kazi. Getini pacha walikuwa wamelala kibandani, wameshiba, mmoja ana tone la maziwa kidevuni. Yaya alisimama.

"Mjomba, mama yao amesema saa kumi na mbili anashuka tena. Nimngojee hapa hapa?"

Sikioni Mkuu alikuwa anasema umefanya vizuri, Kinyonga, kapumzike, Land Cruiser iko upande wa pili wa barabara. Alikitoa kile kisikilizio na kukitia mfukoni.

"Mngojee," alisema.

Akavuka barabara bila kugeuka.