Risiti ya Majina Mawili

Mnunuzi wa soko la Kibirizi, kando ya ziwa hapa Kigoma, hushika kitu, huuliza bei, hulalamika kidogo, hulipa, huenda zake. Huyu hakulalamika. Aliliinua lile gitaa jekundu, akafumba jicho moja, akaitazama shingo yake toka mwanzo hadi mwisho kama fundi anayetafuta ubao uliopinda. Goreth, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda chake cha vyombo vya muziki vya mitumba, akajisemea moyoni kwamba huyu hakuja kununua.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya boti. Wachukuzi walikuwa wakipandisha madumu ya mawese kutoka majini, na harufu ya dagaa iliingia hadi kwenye nguo. Katikati ya wote hao kasimama mnunuzi huyu, kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, viatu vimefutwa vumbi dakika ile ile. Sasa niambie, Kibirizi nani anavaa viatu vya kung'aa kama si mtu wa ofisini? Na miaka ile watu wa ofisini hawakuwa habari njema. Kambi za wakimbizi zilikuwa zikifungwa, Warundi wakiambiwa warudi kwao, na mitaani walipita watu wenye mafaili wakiuliza: wewe wa wapi, na baba yako je.

Goreth alizaliwa kijijini hapo hapo Kigoma. Lakini wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakalima, wakazaa, wakazeeka, bila kuandikwa popote, si kambini wala uraiani. Sokoni alijulikana kuwa ni Muha, mwenyeji wa Kigoma, na Kiha alikijua barabara. Jina la baba yake hakuwahi kumtajia mtu, hata Marcelina, muuza dagaa wa meza ya jirani, ambaye aliambiwa mambo yote mengine.

"Habari ya kazi, dada," kijana alisema. "Hili limetoka wapi?"

"Limetoka kwa mwenyewe."

"Na aliyelileta?"

"Kaka, unanunua gitaa au unaposa kwao?"

Kijana alicheka, mwanya ukaonekana. Akasema anaitwa Heritier, ni mwalimu wa kwaya huko Ujiji, na anatafuta gitaa la umeme la kupigia muziki wa metali, ila liwe la bei ya mtu wa kawaida. Goreth akamchomekea kwenye kispika. Heritier akatoa mfukoni kidude cha kukanyaga cha kukwaruza sauti, akakiunganisha, akapiga. Kuku watatu walikimbia.

"Huo ni muziki," Marcelina aliuliza, "au mashine ya kusaga imeishiwa mafuta?"

"Ndiyo metali yenyewe, mama. Kuna mzungu mchimba visima alituachia CD, tangu siku hiyo sijapona." Akamgeukia Goreth. "Sasa nyamaza usikilize. Sijapiga kitu, lakini linavuma. Unasikia? Pikapu zake, hivi vinasa sauti chini ya nyuzi, ni nyembamba, za koili moja moja. Kwa rumba ni tamu sana. Ukizikwaruza zinavuma kama mzinga wa nyuki. Mimi nataka pikapu pana, za koili mbili."

"Hilo ndilo nililonalo."

"Basi nitarudi Alhamisi." Akachomoa waya, na katika kuukunja akasema, "Falanga zangu chache, dada, sitaki kuzitupa."

Alisema falanga. Goreth akakunja uso. Ujiji watu husema hela. Falanga ni neno la ng'ambo ya ziwa, neno la mama yake, neno la nyumbani jioni mlango ukifungwa. Akaona ametegewa: huyu anataka nimwone mwenzangu, nifungue mdomo.

Hata hivyo alimpa namba ya simu. Moyo nao una ujinga wake.

Alhamisi ya pili alipewa la bluu, lenye mkono wa chuma wa kutikisa nyuzi. Heritier aliutikisa mara mbili, akapiga, sauti ikawa imekwenda upande.

"Umeona? Kwenye gitaa la bei kubwa mkono huu ni starehe. Kwa la bei yetu ni ugonjwa, kila wimbo utasimama urekebishe nyuzi. Nataka daraja la nyuzi lililofungwa kwa skrubu, lisilotingishika."

"Wewe unachagua kuliko mkwe."

"Nachagua mara moja, kisha sibadilishi," alisema, na hakuwa anatazama gitaa. Goreth siku hiyo alikuwa amevaa kitenge cha njano na blauzi ya mikono mifupi, nywele amesuka mistari midogo. Alijifanya anafuta vumbi kwenye redio.

Ndipo simu zikaanza. Asubuhi kabla hajatandika bidhaa, simu inalia.

"Umeamkaje, malkia wa mitumba?"

"Malkia gani anaamka saa kumi na moja kupanga redio mbovu?"

"Wa kwangu."

"Wa kwako tangu lini? Mimi ni wa wateja wote."

"Basi niandike mteja wa kwanza."

Goreth alitabasamu mwenyewe mpaka Marcelina akamuuliza kama ameokota kitu. Alimpenda. Tuseme ukweli, alimpenda vibaya, na kwa sababu hiyo wasiwasi ulizidi. Mbona kila ikifika jioni simu ya mtu huyu haipatikani? Mbona siku nyingine anaongea kama amebanwa, watu wanapiga kelele nyuma yake wakigombania foleni?

"Mwanamume asiyepatikana jioni ana mtu wa kumpakulia chakula," Marcelina alitoa hukumu, mikono haijaacha kupima dagaa. "Mimi nimeolewa mara mbili, usinifundishe."

Mke angekuwa nafuu, Goreth aliwaza. Kwa mke, ungelia ukanyamaza. Faili halinyamazi.

Alhamisi ya tatu boti ilileta gitaa jeusi. Halikuwa na jina la maana, na ubavuni lilichubuka rangi kiasi cha kiganja. Heritier alilitazama shingo, ilikuwa imenyooka. Akahesabu pikapu, mbili, pana. Akalisukuma daraja kwa kidole gumba, halikwenda popote. Alipolichomeka na kukanyaga kidude chake, sauti ilitoka nzito na kavu, na alipoyazuia mapigo kwa kiganja ikakatika pale pale. Kisha akakitoa kidude mguuni akapiga wimbo wa kanisani, taratibu, hata Marcelina akaacha kupima.

"Ndilo hili," alisema. "Jumapili litamtumikia Bwana, Jumatatu litanitumikia mimi."

"Na huo mchubuko?"

"Rangi haisikiki, mpenzi. Hela kidogo unalipia shingo na pikapu."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita mpenzi mbele ya watu. Goreth akapokea hela. Na hapo hapo mtu yule akaharibu kila kitu.

"Naomba risiti. Iwe na majina yako mawili, la kwako na la baba, mtaa, namba ya simu, na sahihi."

Kibirizi risiti ni mdomo wa jirani. Unauza, jirani anaona, mkigombana anaitwa jirani. Tangu Goreth afungue kibanda, hakuna mnunuzi aliyewahi kumwomba karatasi, sembuse jina la baba.

"Wewe ni wa ofisi gani?"

"Ofisi? Goreth, ni risiti tu."

"Wiki tatu unaniuliza kitu kimetoka wapi, nani kaleta. Unanitupia maneno uone nitajibuje. Leo unataka jina la baba. Chukua hela zako."

"Nisikilize kwanza."

"Chukua, Heritier."

Alizirudisha zote, akalivuta gitaa ndani, akashusha turubai. Heritier alisimama nje muda mrefu, viatu vyake vikionekana chini ya turubai, halafu akaondoka.

Ijumaa asubuhi Goreth alikwenda Ujiji. Alitaka ajue moja. Ujiji nyumba haitajwi kwa namba, hutajwa kwa mwenyewe, na Heritier aliwahi kumwambia anakaa mtaa wa Kitongoni. Akauliza dukani, akauliza kwa fundi cherehani, mwisho akamwamkia bibi mmoja muuza vitumbua.

"Shikamoo, bibi. Namtafuta Heritier, mpiga gitaa."

"Marahaba. Wapiga gitaa hapa walikuwa wawili, mjukuu wangu. Mmoja tumemzika, wa pili namlea mimi, na haitwi hivyo."

Basi. Mtu hana nyumba, hana kwaya, hana jirani. Goreth alirudi Kibirizi amejaa hasira na kilio, akiwaza namna ya kuwaambia wazazi wake wafunge mizigo. Mama yake na miguu yake ile ya ugonjwa, angekwenda nayo wapi?

Akamkuta Heritier amekaa kwenye kigoda chake.

"Nimetoka Ujiji," Goreth alisema bila salamu. "Hawakujui."

"Hawawezi kunijua. Sikai Ujiji." Akatoa mfuko wa nailoni shatini, ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne, ina muhuri na picha yake ndogo. "Ninakaa Nyarugusu. Kambini. Tulitoka Uvira, Kongo, nikiwa mtoto. Hiki ni kibali cha kutoka, kinaisha kesho saa sita mchana."

Goreth alikishika akakigeuza mbele na nyuma. Aliukagua muhuri, akalinganisha picha na uso. Hata hapo hakuamini upesi.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Ungenionyesha gitaa kama ningesema mimi mkimbizi? Ungenipa namba? Jioni sipatikani kwa sababu huko simu tunachajisha kwa foleni, na ikifika jioni imekufa. Shati hili ni la kwaya nzima, anavaa anayetumwa mjini."

"Na risiti?"

"Kwenye kizuizi cha barabara ya Kasulu mkimbizi akikutwa na kitu cha umeme, ni cha wizi mpaka karatasi iseme sivyo. Mwenzangu Egide alinunua redio, karatasi ilikuwa na jina moja. Redio ilibaki pale, na yeye akalala ndani siku mbili. Wanataka majina mawili, na wanampigia muuzaji simu. Kwaya imechanga mwaka mzima, Goreth. Siwezi kurudi mikono mitupu, wala siwezi kurudi na gitaa bila karatasi."

Goreth alikaa chini kwenye kreti. Alitaka kucheka ikashindikana. Wiki tatu alikuwa anamkimbia mtu anayekimbia. Lakini kujua huko hakukumwondolea hofu, maana karatasi ni karatasi, na ingesomwa na askari, na jina la baba yake lilikuwa la aina ambayo askari akilisoma huuliza swali la pili. Angeweza kubuni jina. Lakini wakimpigia akababaika, Heritier ndiye angeitwa mwizi, tena mwenye risiti ya uongo.

"Hujaniuliza kwa nini nilikasirika," alisema.

"Nakuuliza."

"Kwa sababu mimi sina hata hicho kibali chako. Baba yangu alitoka Burundi. Hatuna karatasi hata moja. Sasa umejua, na ukitaka kuniangamiza huhitaji faili."

Heritier aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Goreth, pale mbele ya Marcelina aliyejifanya hana macho. Baadaye akasema, "Basi usiandike. Nitaliacha. Tutaimba kwa ngoma."

Kama angesihi, huenda Goreth angekataa. Alichana ukurasa katikati ya daftari, akaandika gitaa moja la umeme, jeusi, lililotumika. Akaandika Kibirizi na namba ya simu. Kisha akaandika Goreth Ntirampeba, herufi kubwa, akatia sahihi.

"Naogopa," alisema akimpa.

"Na mimi naogopa," alijibu Heritier.

Jumamosi, saa nne na nusu, simu ililia. Ilikuwa namba ngeni.

"Nazungumza na Goreth Ntirampeba?" Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka.

Marcelina alikuwa hapo, wateja wawili walikuwa hapo. Goreth alisimama.

"Ndiyo, afande. Ndimi Goreth Ntirampeba."

"Ntirampeba wa wapi?"

"Wa Kibirizi. Nilizaliwa Kigoma hii."

Karatasi ikasikika ikigeuzwa.

"Kuna kijana hapa na gitaa. Uliliuza wewe?"

"Nililiuza mimi, na jirani yangu aliona."

"Unamjua?"

"Namjua."

"Ni nani wako?"

Angesema mteja, na yangekwisha. Wateja wale wawili walikuwa wanamtazama, Marcelina ameshika kikombe cha dagaa hewani.

"Ni mchumba wangu, afande."

Kisha yule askari akakohoa. "Haya. Mwambie apunguze kelele, amenipigia hapa masikio yanauma." Simu ikabadilisha mkono.

"Goreth," Heritier alisema. "Alikuwa ameweka spika. Watu wote wa basi wamesikia."

"Wamesikia nini?"

"Kwamba nina mchumba. Mimi mwenyewe nimepata habari kizuizini."

"Unakataa mbele ya afande?"

"Sikatai. Lakini tutaishi wapi, mpenzi? Mimi huko mjini siruhusiwi kukaa. Wewe huku kambini huna kadi."

Goreth alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Tangu azaliwe hakuwahi kulisema jina lile kwa sauti mbele ya watu, na alikuwa bado amesimama.

"Sijui," alisema. "Panda basi, utachelewa. Alhamisi uje utoe posa kwa mzee Ntirampeba."