Majibu ya Scolastica

Msimu wa mavuno, mashine za kukoboa mpunga pale Ifakara hazipumziki. Pantaleo, fundi wa mashine hizo, alikuwa amelala chali chini ya mtambo akikaza mkanda, mara pumba zikamwagika upande wa pili na sauti ya mwanamke ikasema, "Sasa mmenipaka unga kama samaki. Bado kukaangwa tu."

Akachomoka. Mbele yake alisimama binti wa gauni la kitenge cha rangi ya chungwa, lililomkaa kiunoni kama amezaliwa nalo, na kilemba kilichojaa pumba.

"Pole, dada. Kosa ni langu."

"Pole haifuti vumbi. Lete kitambaa."

Kitambaa chake kilikuwa na oili, kikaongeza doa begani. Binti akalitazama doa, akacheka mwenyewe.

"Hilo gauni kashona nani?" Pantaleo akauliza. "Nimpelekee suruali zangu."

"Unaongea naye."

Aliitwa Scolastica, na alikuwa na duka la ushonaji karibu na soko. Pantaleo alipeleka suruali, kisha nyingine, na suruali zilipokwisha akapeleka pazia. Wakaanza kuitana "fundi". Pantaleo alitaka kujua uzi wa chini unapandaje kukutana na wa juu, na Skola, kama alivyozoea kumwita, akamfungulia cherehani aone.

"Mama yako alilala lini na maswali haya?"

"Alikuwa ananituma mbali, mpenzi."

Kabla ya mvua, wakiwa wameshakuwa wapenzi kamili, Skola aliaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kumwona dada yake aliyejifungua. Alirudi amepungua, amevaa dera pana, na yule aliyezoea kumwegemea begani sasa alimpa mkono tu. Pantaleo akitaka kumkumbatia, anageuka ubavu.

"Nimechoka tu, fundi."

Kwa mara ya kwanza Pantaleo hakuuliza kitu.

Alasiri moja alimpelekea mahindi ya kuchoma. Alipofika mlangoni, Skola alikuwa amempa mgongo, simu sikioni. "Ndiyo, daktari. Vyote viwili chanya? Na vidonge nimeze kila siku, kwa miaka." Kisha akajifuta machozi kwa pindo la dera.

Pantaleo akaweka mahindi kizingitini, akaondoka. Chanya, na vidonge vya kila siku. Nani asiyejua hiyo ni habari gani? Kesho yake akaenda kupima virusi. Majibu yakatoka hasi, naye akarudi kazini amenywea kama aliyeambiwa kinyume chake. Simu za Skola ziliita mpaka zikakatika. Mwishowe akapokea moja.

"Fundi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimepima, Skola. Mimi ni hasi."

"Umepima nini?"

"Nilikusikia ukiongea na daktari."

Upande wa pili kikasikika kicheko kifupi kilichokatika katikati. "Njoo dukani. Hili si la simu."

Alimkuta ameketi nyuma ya cherehani, mikono juu ya kitambaa asichokishona.

"Sikwenda kwa dada. Nilikuwa na uvimbe kwenye titi, wakanipasua hospitalini. Ni saratani."

Pantaleo akatafuta kigoda kwa mkono kabla ya kukaa. "Na hiyo chanya?"

"Hiyo ndiyo habari njema. Walipeleka kipande cha uvimbe maabara, wakakitia rangi, waone kama seli zake zina vipokezi vya homoni, yaani milango ya kuipokea. Ziko aina mbili, na wangu una zote. Maana yake homoni ndiyo inayoulisha, na kuna vidonge vya kuuzibia njia. Wanawake wa umri wangu hupata hasi mara nyingi kuliko mama zetu, na hapo vidonge hivi havisaidii. Ndiyo maana nililia kwa furaha."

"Rangi gani hiyo?"

"Kahawia." Alitaka kutabasamu, akajizuia. "Usiniletee maswali yako matamu. Ulidhani nina virusi, ukakimbia. Shangazi aliyenilea kule Mngeta anaishi navyo tangu nikiwa shule ya msingi. Kama ugonjwa ule uliukimbia, huu je?"

"Niliogopa, Skola. Niliona nikiuliza, itakuwa kweli."

"Mimi nami nilikuficha kwa woga huohuo." Akashusha pumzi. "Alhamisi nina kliniki. Ukiwa na la kuuliza, kaulize pale, nikisikia."

Alhamisi Pantaleo alifika kliniki amepiga pasi shati jeupe. "Shikamoo, daktari. Hicho kipimo kinasema atapona?"

"Marahaba. Kinaniambia wanawake wengi wenye uvimbe kama wake huendeleaje wakipata dawa hii," daktari akajibu. "Dalili ni nzuri. Lakini kinasemea kundi. Yeye mmoja, hakiwezi kunihakikishia. Na kwa wanawake vijana bado tuna mengi hatujui, maana tafiti nyingi zimefanywa kwa walio wakubwa zaidi, tena wa nchi za mbali."

"Na watoto?"

Skola akainamia sakafu.

"Akiwa kwenye vidonge asibebe mimba. Ni miaka. Baadaye tutakaa tuzungumze."

Nje, chini ya jua kali, Skola alisimama. "Umesikia. Hayo yote nilishauliza, na sina jibu zaidi ya hapo. Ukigeuka leo, sitakulaumu."

"Nimebakiza moja. Mshenga nimtume kwa nani?"

Skola akamgeukia. "Kwa shangazi. Lakini mshenga asitangulie. Nenda wewe, umweleze ulichokimbia."

Pantaleo alipanda basi la Mngeta. Shangazi, mama mwembamba wa sauti ndogo, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta mchele.

"Siku akizidiwa, utafanyaje?"

"Sijui nitakuwaje siku hiyo, shangazi. Hofu nitakuwa nayo. Ila nitakaa nayo palepale alipo yeye."

Shangazi akaweka ungo chini, akamtazama usoni. Kisha akachukua simu, akampigia Skola.

"Mwanangu, huyu mtu wako amefika. Mwambie wewe mwenyewe alete mshenga."